Maji ya kunywa nyumbani: kuchemsha ni nusu ya kazi

Maswali ni yale yale. Nichemshe dakika ngapi? Maji ya bomba nayo yachemshwe? Yakikaa siku ngapi yanaharibika? Na lile linaloniuma kuliko yote, linaloulizwa na mama aliyekesha na mtoto: "Mimi nachemsha kila siku, mbona watoto bado wanaharisha?"

Hilo la mwisho ndilo limenifanya nikae niandike. Mara nyingi sana maji yalichemka sawasawa na vijidudu vikafa, kisha yakachafuliwa upya humo humo ndani ya nyumba. Ndoo iliyosuuzwa juu juu. Kikombe kilichoachwa kikielea. Mkono wa mtoto aliyetoka msalani akapitiliza kuchota. Kwetu lilitukuta. Nilikuwa nachemsha bila kukosa, na ndoo yangu ilikuwa na mfuniko, lakini juu ya mfuniko ule kilikaa kikombe kimoja cha plastiki, na kila aliyeona kiu alikitumbukiza, akanywa, akakirudisha. Nyumba ya watu saba, kikombe kimoja. Tulipokiondoa na kununua ndoo yenye koki, kuharisha kulikokuwa kunarudi kila baada ya wiki chache kulikoma.

Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu ni ya jikoni, na nusu nyingine ni ya safari ya maji kutoka kwenye sufuria hadi mdomoni. Tafadhali usiisome nusu ya kwanza peke yake.

Vitu vya kuandaa

- Sufuria yenye mfuniko wake, iliyotengwa kwa kazi ya maji tu. Sufuria ya mchuzi hata ukiisugua itaacha harufu. Ya lita 8 au 10, ukichemsha asubuhi na jioni, inatosha familia ya watu sita. Mtu mzima mhesabie lita mbili hivi za kunywa kwa siku, na zaidi kipindi cha joto.
- Ndoo ya lita 20 yenye koki kwa chini na mfuniko unaobana. Ukikosa, dumu lenye mdomo mwembamba na kizibo chake. (Ndugu zetu wa Kenya dumu hilo huliita mtungi. Mimi nikisema mtungi nina maana ya ule wa udongo.)
- Ndoo au dumu jingine la kutulizia maji yanapofika kutoka bombani au kisimani.
- Kitambaa cha kuchujia. Kanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa ikakauka juani, inafaa kuliko kitambaa kipya.
- Sabuni, brashi au dodoki, na chupa ndogo ya jiki isiyo na rangi wala manukato.
- Stuli au meza imara ya kuwekea ndoo, juu kiasi cha kuku na mtoto anayetambaa kutoifikia.
- Pakiti ya vidonge vya klorini vya kutibia maji, kwa siku ambayo gesi au mkaa umekwisha.

Onyo moja kabla hatujaendelea: dumu lililowahi kubeba dawa ya shambani, petroli, mafuta ya taa au kemikali yoyote usilitumie kwa maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi. Plastiki hunywa kile kilichowekwa ndani yake na kukitoa polepole. Dumu la mafuta ya kula halina neno, likiondolewa mafuta vizuri kwa maji ya moto na sabuni.

Yajue maji yako kwanza

Kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi chumvi, hakuondoi dawa za shambani wala metali. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaotumia visima vya mtaani wanaijua chumvi ile. Maji hayo hata yakichemka saa nzima yatabaki na chumvi, tena itazidi, kwa kuwa mvuke unakwenda na chumvi inabaki sufuriani. Hayo tumia kufulia na kuoshea, ya kunywa tafuta mengine.

Jambo zito zaidi ni floridi. Sehemu nyingi za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida zina maji yenye floridi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano na udongo wake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji yakizidi hapo miaka nenda miaka rudi, meno ya watoto hutoka na madoa ya kahawia, na yakizidi sana mifupa hupinda. Ukiishi huko, kuchemsha peke yake hakutakuokoa. Tafuta maji ya chanzo kingine, kinga ya mvua, au tumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko Arusha, kimelifanyia kazi kwa miaka mingi. Katika maeneo haya maji ya mvua ni mali, hasa kwa watoto ambao meno yao ya utu uzima hayajaota.

Na maji ya bomba? Chemsha. Hata yakitoka mtamboni yakiwa safi, yanapita kwenye mabomba yaliyotoboka, na pale maji yanapokatika kwa mgao bomba tupu huvuta uchafu wa nje kupitia matundu hayo hayo. Maji ya boza na ya kununua kwa dumu chemsha bila kujiuliza.

Hatua za kazi

1. Osha chombo cha kuhifadhia kabla ya kuwasha jiko.

Naanza hapa kwa makusudi. Wengi huosha ndoo maji yakiwa yameshapoa, kwa haraka, watoto wakilia kiu. Osha kwanza, ikauke wakati maji yakichemka.

Sugua ndani kwa sabuni na brashi, ukifika kwenye pembe za chini na kwenye shingo ya koki. Pitisha kidole ukutani mwa ndoo: ukihisi utelezi, hujamaliza. Utelezi ule ni vijidudu vilivyojijengea makazi, na kusuuza hakuving'oi. Kwa dumu ambalo brashi haiingii, tia konzi mbili za changarawe safi na maji ya sabuni, funga kizibo, tikisa kwa nguvu dakika mbili tatu, umwage, usuuze.

Mara moja kwa wiki, baada ya kuosha, changanya vijiko viwili vya chai vya jiki katika lita moja ya maji, mimina ndani, tikisa yafike kila mahali, fungua koki kidogo yapite nayo, subiri dakika tano, mwaga, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa.

Chombo cha plastiki ambacho brashi inaingia usikioshe kwa majivu au mchanga. Kwenye mikwaruzo inayobaki ndimo vijidudu hujificha. Sufuria ya chuma haina shida hiyo, isugue upendavyo.

2. Acha maji yatulie.

Maji yenye vumbi au tope yaache kwenye dumu la kutulizia, yamefunikwa, usiku kucha. Asubuhi utaona tope limelala chini. Mimina ya juu taratibu bila kutikisa, ukifika karibu na tope simama.

Maji ya mto wakati wa masika hayatulii hivi hivi. Wengine hutumia shabu: kipande kinazungushwa kwenye maji mara chache, kinatolewa, na tope linagandana na kushuka. Wengine husaga mbegu za mlonge zilizomenywa, karibu mbegu moja kwa lita, wakakoroga na kuacha yatulie saa moja au mbili. Vyote viwili vinafanya kazi. Ila ninaona watu wakinywa maji hayo papo hapo kwa sababu yanang'aa. Yameng'aa, lakini hayajawa salama bado, endelea na hatua zinazofuata.

3. Chuja.

Kunja kanga ile kuukuu mara nne au zaidi, itandaze juu ya mdomo wa sufuria, mimina polepole. Usiudharau mkunjo huo. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika vijiji vya Matlab, Bangladesh, ambako akina mama walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa tabaka kadhaa. Wagonjwa wa kipindupindu walipungua karibu nusu. Vijidudu vya kipindupindu hupenda kung'ang'ania wadudu wadogo mno wa majini, na wadudu hao hunasa kwenye kitambaa. Cha zamani ni bora kwa sababu nyuzi zake zimefumuka kwa kufuliwa na matundu yamekuwa madogo.

Ukimaliza, fua kitambaa na ukianike juani. Kitambaa kibichi kilichosahaulika pembeni ya karo kitakuchafulia maji ya kesho.

4. Chemsha.

Funika sufuria. Maji yaliyofunikwa huwahi kuchemka, na hayaingii moshi wala masizi. Subiri yatokote kwelikweli: mapovu makubwa yanapanda kutoka chini, juu kunavurugika, na hata ukikoroga hayatulii. Vipovu vidogo vya pembeni na mvuke wa kwanza bado.

Yakishatokota hivyo, hesabu dakika moja, zima. Ukiishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama Uwanda wa Kitulo, Limuru au Eldoret, hesabu dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Najua wengi wetu tulifundishwa dakika 10, wengine 20. Vijidudu vya kipindupindu, taifodi, amiba na vinginevyo vya tumbo hufa hata kabla maji hayajatokota, na ile dakika moja ni ya kujihakikishia. Dakika 19 za ziada ni mkaa unaoungua bure, na kuna nyumba nyingi ambazo zimeacha kuchemsha kabisa kwa sababu ya hesabu ya mkaa. Nasema hili kwa uzito wote: dakika moja kila siku ni bora mara mia kuliko dakika 20 mara moja kwa wiki.

Maonyo mawili ya jikoni. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani likiwa bado na moto, hata kama nje kuna mvua na unataka maji yaendelee kuchemka mkiwa mmelala. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia nzima inaweza isiamke. La pili, sufuria ya maji ya moto usiiweke sakafuni. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapepesuka, anashika ukingo, na kovu analobeba ni la maisha.

5. Pooza humo humo.

Usiyahamishie maji ya moto kwenye beseni ili yapoe haraka. Usiyaache wazi dirishani. Usitie barafu. Yaache kwenye sufuria ile ile, na mfuniko wake ule ule, juu ya meza. Yakichemshwa jioni, asubuhi yamepoa. Ukiwa na haraka, kalisha sufuria iliyofunikwa ndani ya beseni la maji ya kawaida, bila maji ya beseni kufika kwenye ukingo.

Utaona kitu cheupe kimelala chini. Hicho ni chokaa, nitakirudia mbele.

6. Hamisha kwa kumimina.

Nawa mikono kwa sabuni. Shika sufuria, mimina kwenye ndoo yenye koki, funika. Kwa dumu tumia mrija mpana wa kumiminia uliooshwa pamoja na dumu lenyewe. Usichote kwa kikombe, usichuje upya kwa kitambaa ambacho hakikuchemshwa. Hapa ndipo nyumba nyingi hupoteza kazi yote ya jikoni: maji yamechemshwa, yamepoa, kisha yanapitishwa kwenye kitambaa kile kile kilichochuja tope la asubuhi "ili kuondoa ule weupe". Kuchuja ni kabla ya kuchemsha. Weupe uache chini ya sufuria pamoja na maji kidogo.

7. Kunywa bila kugusa maji.

Koki ndiyo tiba. Mtoto anaweka glasi chini, anafungua, anafunga, mkono wake haujakutana na maji. Ukiwa na dumu, mimina. Kinachokatazwa ni kimoja tu: kitu chochote kuingia ndani ya chombo.

Bibi zetu wa pwani walikuwa na mtungi wa udongo kwenye kona yenye kivuli, na maji yake yalikuwa baridi mchana wa jua kali, kwa kuwa udongo hutoa jasho na jasho likikauka hupoza. Mtungi ulikuwa na kata ya kifuu yenye mpini mrefu, iliyotundikwa ukutani, na mtoto aliyechota kwa kikombe alikanywa hapo hapo. Walijua walichokuwa wakifanya. Ukipenda mtungi, uweke, lakini na kata ya mpini mrefu inayotundikwa na isiyonywewa, au mnunue ule wenye koki. Kuufukiza kwa ubani kunayapa maji harufu nzuri ajabu, ila kusihesabiwe kuwa ni kuyasafisha.

Glasi na vikombe navyo vioshwe kwa sabuni na kukaushwa kichwa chini kwenye kichanja, visifutwe kwa kitambaa kinachofuta meza.

8. Weka ratiba, maliza maji.

Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote ndani yake. Kijidudu kimoja kikiingia, hakuna cha kukizuia. Kwa hiyo chemsha yanayotosha siku moja, yakibaki siku mbili. Usijazie maji mapya juu ya ya zamani. Ndoo iishe, isuuzwe, ijazwe.

Wapangie watoto wakubwa zamu, lakini kuchemsha na kumimina maji ya moto kuwe kwa mtu mzima.

Gesi imeisha, mkaa hakuna

Hapa kuna njia mbili, na sioni aibu kusema kwamba ya kwanza kwa namna fulani inashinda kuchemsha.

*Vidonge vya klorini.* Vinauzwa duka la dawa na hata baadhi ya maduka ya mtaani. Kidonge cha miligramu 67 ni cha dumu la lita 20 za maji maangavu. Kuna vidogo zaidi kwa maji machache, hivyo soma pakiti kila unaponunua, usikariri. Chuja maji kwanza, tumbukiza kidonge, funga, tikisa, subiri dakika 30 ndipo unywe. Maji yenye tope hula klorini yote kabla haijafika kwa vijidudu, na pakiti itakuambia uongeze kiasi gani. Faida yake ni kwamba klorini inabaki ndani ya maji ikilinda kwa saa kadhaa baada ya hapo, ulinzi ambao maji ya kuchemsha hayana. Nyumba yenye watoto wengi wanaopenda kuchota ningeishauri ianze na hii.

*Jua.* Chukua chupa angavu za plastiki za maji, zisizozidi lita mbili, zisizo na rangi wala mikwaruzo mingi, toa karatasi ya nembo. Jaza maji yaliyochujwa, funga, zilaze juu ya bati kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Saa sita za jua kali zinatosha. Kukiwa na mawingu mengi, siku mbili. Siku ya mvua usijaribu. Kupima kama maji ni maangavu vya kutosha, simamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti na uchungulie kwa juu kupitia mdomo wake: ukishindwa kusoma herufi, chuja tena. Kunywa kwa kumimina kutoka chupa ile ile.

Penye simtanki

Watu wanaosha ndoo kila wiki na tangi halijafunguliwa miaka mitatu. Fungua leo uchungulie. Osha kila baada ya miezi sita, na kila mara unapoona tope au viluwiluwi.

Panga siku ambayo maji yamekaribia kuisha. Toa yaliyobaki, sugua kuta kwa brashi ya mpini mrefu ukiwa nje, toa matope, suuza. Kisha changanya nusu lita ya jiki ya asilimia 3.5 na lita 9 za maji, paka kuta zote kwa brashi, acha nusu saa, suuza mara mbili, jaza. Maji ya kwanza kutoka kwenye bomba yamwage mpaka harufu ya klorini iondoke, au yadekie choo.

Tangi kubwa la kuingiliwa asiingie mtu peke yake. Hewa ndani ni chache, na harufu ya jiki katika nafasi iliyofungwa humlevya mtu akaanguka. Na kamwe usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo, siki wala ndimu: mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu.

Mfuniko ubane, na bomba la kufurikia lifungwe wavu. Mbu wanaoeneza dengue huzaliana kwenye maji masafi kama hayo hayo tuliyoyahifadhi kwa taabu.

Mambo yakikwama

*Maji yana ladha iliyopooza, watoto hawayataki.* Hewa imetoka wakati wa kuchemka. Yakishapoa, yamimine kutoka jagi safi kwenda jagi safi mara tano sita, au yajaze chupa nusu utikise. Ladha inarudi.

*Yananuka moshi.* Mfuniko hauzibi, au kuni ni mbichi. Mfuniko uwe wa sufuria ile ile, usiwe sahani iliyowekwa tu juu.

*Sufuria ina ukoko mweupe.* Maji yako ni magumu, yana chokaa. Haidhuru. Mara moja kwa mwezi chemsha humo maji yenye ndimu mbili zilizokamuliwa au siki kidogo, acha yapoe, sugua.

*Maji yalikuwa maangavu, yalipochemka yakageuka rangi ya kutu.* Ni chuma, kawaida ya visima vingi. Siku inayofuata yaache kwenye dumu la kutulizia usiku kucha, uyatikise mara chache yapate hewa. Chuma kitajitenga na kushuka, kisha chuja, chemsha.

*Yananuka klorini sana.* Acha ndoo na mfuniko uliolegezwa kidogo kwa saa moja. Ikizidi kila siku, unatumia kidonge kikubwa kwa maji machache.

*Koki inavuja.* Mara nyingi ni raba ya ndani. Ukiiacha ivuje, watoto watarudi kwenye kikombe, kwa hiyo nunua raba mpya leo leo.

*Nafuata yote, bado wanaharisha.* Kaa chini uhesabu maji yote yanayoingia mdomoni, siyo yale ya kwenye ndoo tu. Juisi ya ukwaju na ubuyu ilitengenezwa kwa maji gani? Na barafu za vifuko zinazouzwa nje ya shule? Barafu haiui vijidudu, inavilaza tu. Maji ya kusukutulia mdomo? Maji ya kuoshea maembe na kachumbari? Mwezi wa Ramadhani nimeona nyumba inayochemsha kila tone la kunywa, lakini jagi la juisi ya futari linakorogwa kwa maji ya bombani. Kisha angalia msalani: kuna sabuni na maji ya kunawia karibu na mlango, au mtu anatembea uwanja mzima mpaka jikoni?

*Mtoto mchanga apewe maji gani?* Aliye chini ya miezi sita hapewi maji kabisa, hata ya kuchemsha, hata kukiwa na joto. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji.

*Ameanza kuharisha tayari.* Mpe chumvichumvi za kurudisha maji mwilini (ORS): pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, kidogo kidogo, kila anapoharisha. Pakiti ikikosekana usiku, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, usizidishe chumvi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona macho yamebonyea, mkojo umekatika, damu kwenye choo, au choo kinachotoka kwa wingi kama maji ya kuoshea mchele, usisubiri asubuhi. Hicho cha mwisho ni alama ya kipindupindu, na mtu mzima mwenye afya kinaweza kumuua ndani ya saa chache. Mpeleke kituo cha afya huku ukiendelea kumnywesha njiani.